Upande wa Kilwa

Tulimzika Adela huko Makambako, asubuhi ya baridi kali, na mchungaji akasema marehemu alifika mpaka China, akafanya biashara kubwa kule, akarudi na baraka. Watu wakaitikia. Nilikuwa nimeketi na wanawake wa kwaya yake, na jirani yangu akaniinamia akauliza kama mimi ndiye yule Zuhura wa China. Nikamwambia ndiyo. "Basi wewe ndiye unayejua," akasema. "Sisi hakutuambia kitu. Alikuwa anasema tu kwamba kule kuna joto." Katika yote yaliyompata Guangzhou, joto ndilo aliloona linafaa kusimuliwa nyumbani, na nadhani alilichagua kwa makusudi, kwa sababu hakuna anayekuuliza swali la pili juu ya joto. Tangu siku ile nimekuwa najaribu kuuandika mwaka ule. Habari za kwetu Tanga, za wazazi na shule, naziacha. Hazikuwa na uzito wowote katika jambo hili. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, nasoma shahada ya pili ya usanifu majengo kwa ufadhili, na nilikuwa bado naamini kwamba mtu akisema ukweli kwa lugha nzuri, watu watamsikiliza.

Nilikutana na Adela kwenye soko la vitambaa la Zhongda, chuo kiliponituma kutafuta sampuli za mapazia. Soko lile ni mji mzima wa majora: ukiingia asubuhi unaweza kuzunguka mpaka mchana bila kupita mlango uleule mara mbili, huku pikipiki za umeme zikikusukuma kando na mabunda yake. Nyuma ya ukuta wa satini nikasikia, "Tai gui le! Ghali mno, baba, unaniua mchana kweupe!" na muuzaji anajibu kwa uvivu, "Mei you, mei you," yaani hakuna, hakuna kupunguza. Nikachungulia. Alikuwa mwanamke mnene wa makamo, amejifunga kitenge juu ya suruali, ameshika ncha ya jora kama anayemshika mwizi. Nikamwamkia, "Shikamoo, dada." Akageuka, uso wote ukafunguka. "Marahaba, mwanangu! Wewe umeanguka kutoka wapi? Njoo hapa, mwambie huyu laoban kwa Kichina kilichonyooka kwamba kitambaa chake nimekiosha nyumbani kwangu kikatoa rangi mpaka beseni likawa jekundu." Nikamwambia yule bosi. Akapunguza, si kwa sababu ya beseni, bali kwa mshangao wa kumsikia msichana mweusi akiongea Kichina chenye sauti zake zote. Adela akanishika mkono na hakuniachia mpaka tumefika kwake.

Aliishi Xiaobei, nyuma ya jengo la Tianxiu, kwenye chumba ambacho kitanda kilikuwa katikati ya mabunda kama kisiwa. Dirisha lilitazamana na ukuta wa jirani, karibu kiasi cha kuweza kuugusa, na kwa mwanga uliopita hapo katikati alikuwa anajua kama ni asubuhi au jioni. Alikuwa na jiko la umeme la duara moja na masufuria mawili. Moja lilikuwa lake, la pili aliliita sufuria la Zuhura, halikuguswa na kitu chochote alichokinunua bila kuwa na uhakika kama ni halali. Mwezi wa Ramadhani alinipikia uji wa pilipili manga, akaniandalia tambi za sukari, akakaa kunitazama nikifuturu kama mama anayemtazama mgonjwa akipata nafuu. Siku za kawaida ilikuwa ugali wa unga kutoka duka la Mkongo, mboga ile ya shina tupu ya Wachina ambayo yeye aliiita matembele, na samaki wa kukaanga. Ukuta ulikuwa ubao mtupu. Tulipokula tulikuwa tunasikia wafanyabiashara wa upande wa pili wakigombana na wakala wa mizigo, na Adela alikuwa anawajibu kwa sauti ndogo, mstari kwa mstari, kana kwamba ugomvi ni wake. "Mwambie kontena halijaondoka," ananong'ona huku anamega tonge. "Mwambie, anakudanganya huyo." Sijawahi tena kula kwa raha kama ile. Leo nina meza ya watu wanane Dodoma na mara nyingi nakula nimesimama.

Mradi ulianza miezi michache baada ya hapo. Kampuni moja ya nyumba ilikuwa imenunua vilima vya mashamba ya lichi nje ya jiji, ikapanga kusimamisha minara ya makazi, na katikati ya minara hiyo iweke jumba la shambani la makabaila wa Kifaransa, la ukubwa wake kamili, liwe ukumbi wa kuuzia nyumba na baadaye ukumbi wa harusi. Si jumba la kubuni. Walikuwa wamechagua la kweli, kasri linaloitwa Montorvel, na wakapata ruhusa ya mwenyewe kulipima kila pembe. Profesa Liang, msimamizi wangu, ndiye aliyepewa kazi ya kulihamisha kwenye ramani. Mimi alinipa sehemu ya historia: niandike jumba lilivyojengwa, awamu kwa awamu, ili mafundi wasichanganye karne. "Wewe umetoka nje," aliniambia. "Mambo ya nje utayaelewa haraka." Sikuwa nimewahi kukanyaga Ulaya. Lakini nilikuwa na michoro, picha kwa maelfu, na ofisi iliyo na kiyoyozi kwenye eneo la ujenzi, ambako mfano mdogo wa jumba ulikaa juu ya meza chini ya kioo, na nikawa naamka nikiwaza madirisha yake.

Nililipenda jumba lile, lazima niseme hivyo, la sivyo mengine hayataeleweka. Lilianza kama ngome ya mtu mwenye woga: minara minne ya mviringo, kuta nene kuliko urefu wa mtu, handaki la maji kulizunguka, na matundu membamba ya kupitishia mishale. Kisha wakaja wajukuu waliokwenda vitani Italia na kurudi wameona madirisha. Hao wakatoboa kuta za babu yao, wakaweka fremu za mawe za msalaba, wakajenga ngazi ya kuzunguka ndani ya mnara wa wazi ili wageni waonekane wakipanda na mavazi yao. Paa likainuliwa likawa la mteremko mkali, la vigae vya mawe meusi, na dohani juu yake zikachongwa kama minara midogo ya kanisa. Pembeni walisimamisha nyumba ya njiwa, ya duara, yenye mashimo ya viota kutoka chini hadi juu. Na mashimo yale hayakuwa urembo. Kabaila peke yake ndiye aliyeruhusiwa kufuga njiwa, na njiwa wake walikula mbegu za wakulima, na mkulima hakuruhusiwa kuwafukuza. Ndani ya kuta, nyuma ya mbao za nakshi, kulikuwa na vijia vyembamba vya watumishi, ili chakula kifike mezani bila mwenye meza kumwona anayekileta. Nilipokuwa navichora vile vijia nilijikuta napunguza pumzi.

Mtu aliyenisaidia kusoma maelezo ya Kifaransa alikuwa Papa Mbuyi, mwalimu wa zamani wa Lubumbashi aliyekuwa na duka la simu ndani ya Tianxiu. Alisoma huku amevaa miwani miwili kwa pamoja. Tulikuwa tunakaa nyuma ya kaunta yake, Adela akiwepo kwa sababu alipenda kusikia habari za matajiri, na Papa Mbuyi akitafsiri kwa Kiswahili chake cha Katanga. Siku moja tulifika kwenye bawa la mwisho la jumba, lililoongezwa katika karne ya kumi na nane: refu, lililonyooka, lenye madirisha marefu yanayolingana, na juu ya kila dirisha, kwenye jiwe la katikati ya upinde, kichwa cha mtu. Papa Mbuyi akakunja uso. "Hii neno si Kifaransa," akasema. "Hii bawa, bantu ba kijiji banaiita Quiloa. Mpaka leo. Tunaenda ku Quiloa, tunatoka ku Quiloa. *Mais non*, hii si neno yetu."

"Sema tena," nikamwambia.

"Ki-lo-a."

Adela ndiye aliyesema kwanza. "Si Kilwa hiyo?"

Nikaitazama upya picha. Vichwa vilikuwa vimeliwa na mvua, pua zimelika, lakini nywele zilikuwa zimechongwa kwa vidoti vidogo vya karibu-karibu, midomo ilikuwa minene, na mmoja alikuwa amefungwa kilemba cha kike. Baada ya hapo haikuwa kazi ngumu. Mambo yenyewe hayakufichwa na mtu. Bwana wa jumba katika zama hizo alikuwa na mashamba ya miwa kwenye kisiwa ambacho leo ni Morisi, na meli za kisiwa kile zilinunua watu Kilwa. Sukari yao ndiyo iliyolipa mawe ya bawa, na mwenye nyumba, kwa fahari, akaweka vichwa vyao madirishani, kama mwindaji anavyotundika pembe. Baadaye familia ilikimbia mapinduzi, jumba likawa ghala la nafaka, likawa hospitali ya askari, likarudi kwa mjukuu mmoja ambaye sasa anaishi kwenye vyumba vitatu na jiko la mafuta na anauza tiketi kwa watalii. Jina la Kilwa likabaki vinywani mwa watu wasiojua kwamba ni mahali. Papa Mbuyi alivua miwani yote miwili. Adela akasema, "Na sasa wanaijenga tena huku."

Nilimpelekea Profesa Liang sura hiyo ya historia nikitegemea atashtuka. Alisoma yote, akaniita ofisini kwake, akanimiminia chai. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio ulionichelewesha kumwelewa. Alisema kazi ni nzuri sana, pengine nzuri kuliko zote alizowahi kupokea, na kwamba atazungumza na bosi wa kampuni, Bwana Huang, ili chumba cha chini cha bawa kiwe chumba cha historia, na maneno yangu yawekwe ukutani kwa Kichina na Kiingereza. Bwana Huang alikuja mwenyewe kunipa mkono. Akasema anaheshimu historia. Kisha akasema kuna tatizo dogo: vichwa vya Ufaransa vimelika, mchongaji wake hawezi kukisia, anahitaji watu halisi wa kuwatazama. Akaniangalia. Profesa Liang akaangalia kikombe chake. Nikasema hapana, mimi ni mtafiti wa mradi. "Bila shaka," akasema Bwana Huang. "Lakini una marafiki."

Wakati huo viza ya Adela ilikuwa inaelekea ukingoni. Mwaka ule polisi walikuwa wanapita Xiaobei na kusimamisha watu ngazini, na wafanyabiashara walijua nani amerudishwa kwao na nani amejificha kwa nani. Kuongeza viza kulihitaji mwaliko wa kampuni yenye jina, na wakala aliyekuwa anamtengenezea alikuwa ametoweka. Mzigo wake wa nguo za sikukuu ulikuwa bado kiwandani, haujashonwa hata nusu. Siku nilipomsimulia maneno ya Bwana Huang, nilikuwa nimekwenda kulalamika tu. Yeye alikuwa anachambua mchele kwenye sinia. Hakuinua uso.

"Hiyo kampuni," akasema, "inaweza kutoa mwaliko?"

"Dada Adela, umesikia nilichosema? Vile vichwa ni vya watumwa. Ni watu wetu waliouzwa. Wanataka wakuweke juu ya dirisha kama wao."

"Nimesikia. Nilikuwepo siku ile, nilisikia kabla yako." Akaendelea kuchambua. "Wale hawakuulizwa. Mimi nimeulizwa. Wewe utaandika ukutani kwamba walitoka Kilwa, si ndivyo ulivyoniambia? Basi andika na langu. Adela Mgaya wa Makambako, mfanyabiashara. Mtu akija aone uso, asome jina. Hapo kuna aibu gani?"

Nilimwambia nitaweka sharti hilo, na nililiweka, mbele ya Profesa Liang na mbele ya Bwana Huang: jina lake liandikwe, kampuni imwandikie mwaliko wa viza, na siku ya ufunguzi aalikwe kama mgeni. Bwana Huang alikubali yote bila kupumua katikati. Watu wanaokubali haraka namna hiyo sasa nawaogopa. Wakati ule nilimwona muungwana.

Tulikwenda kwa mchongaji, mji wa jirani wa Foshan, kwenye banda lililojaa simba wa mawe, mabikira wa mawe na bata wa mawe. Vumbi lilikuwa jeupe mpaka kwenye kope za wafanyakazi. Adela alikalishwa kwenye stuli, akafungwa kilemba kama cha kwenye picha. Alikifungua, akakifunga upya mwenyewe, vizuri zaidi. Alikaa siku kadhaa. Mwanzoni alikuwa anapiga soga na mimi, kisha taratibu akaacha, na uso wake ukatulia kwa namna ambayo sikuwahi kuiona, kama mtu anayesikiliza kitu kutoka mbali. Mchongaji alimchonga hivyo. Kichwa kilipokamilika kwa udongo, nilisimama mbele yake. Hakikuwa kichwa cha mtumwa wala cha mgeni. Kilikuwa cha mwanamke aliyefanya kazi siku nzima na bado ana hesabu kichwani. Adela alikizunguka mara moja. "Mama yangu angenijua," akasema, na akaomba tukanunue maji.

Wiki moja baadaye tukaitwa tena. Bwana Huang alikuwa amekiona na hakukipenda. Wateja wanakuja kununua maisha ya furaha, alisema kupitia mtu wake wa mauzo; hawawezi kupita chini ya uso uliochoka. Mchongaji, bila kututazama, alikuwa ameshaukata mdomo. Pembe zake zilikuwa zimeinuliwa, mashavu yamejazwa udongo, na Adela wa udongo alikuwa anatabasamu kwa mtu asiyeonekana. Kisha wakatengeneza kalibu ili vichwa vyote vya madirisha vitoke humo, vyote sawasawa, kwa zege jepesi lililopakwa rangi ya mawe ya kale. "Hata kutafuta watu kumi hawakutaka," nikamwambia Profesa Liang. "Wamechukua mmoja wakamzidisha." Akaniambia bajeti ni bajeti. Kuhusu mwaliko wa viza, alisema, unashughulikiwa, utatolewa siku ya ufunguzi.

Kwa siku hiyo Adela alishona gauni. Kitambaa alikichagua Zhongda kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akichagua chochote cha kuuza: kijani cha majani ya mgomba, kizito, kinachoanguka vizuri. Alilishona mwenyewe, akalipiga pasi juu ya bunda la mizigo, akaniomba nimfunge lemba. Tulipanda metro, kisha basi la kampuni pamoja na wateja, na Wachina waliokuwa ndani walimsifia gauni mpaka akawa anacheka. Jumba lilikuwa limesimama kwenye kilima chake jekundu, na kwa dakika moja nilisahau kila kitu. Paa lilikuwa sahihi. Dohani zilikuwa sahihi. Ngazi ilizunguka ndani ya mnara wake kama nilivyoichora. Nyumba ya njiwa ilikuwa kibanda cha kahawa.

Mlangoni alitupokea msichana wa kampuni ya sherehe, mwenye kipaza sauti shavuni. Aliangalia karatasi yake, akamwangalia Adela, akatabasamu, akamvuta pembeni kwenye chumba cha kubadilishia nguo na kumpa gauni jeusi, aproni nyeupe na kofia ya lesi. Nikamwambia msichana yule kwamba kuna makosa, huyu ni mgeni mwalikwa. Akaangalia karatasi tena. Alikuwa mdogo, na hakuwa na ubaya wowote. "Hapana, si makosa," akasema kwa Kichina. "Atasimama chini ya dirisha na sinia la biskuti. Watu watapiga picha naye na kichwa chake. Huyu ni sehemu ya jengo."

"Anasemaje?" akauliza Adela.

Nikamtafsiria. Sikupunguza neno, kwa sababu alinifundisha mwenyewe sokoni kwamba mkalimani anayepunguza ni mwizi.

Adela alichukua aproni, akaisugua kati ya vidole viwili kama alivyofanya kwa kila kitambaa duniani. "Poliesta," akasema. Kisha akaikunja, ikakunjika vizuri, pembe juu ya pembe, akaiweka juu ya gauni jeusi na kofia juu yake, akamrudishia msichana rundo lote kwa mikono miwili, kwa heshima. "Mwambie mimi nimekuja na nguo zangu." Akatoka nje kwenda kusubiri kwenye basi. Sikumfuata mara moja. Nilitaka kwanza kuona ukuta.

Chumba cha historia kilikuwapo. Kilikuwa na zulia, piano, na maneno ya dhahabu ukutani. Yalisema kwamba mabwana wa Montorvel walikuwa wasafiri wakubwa, na kwamba vichwa vya madirishani vinawakumbuka wageni wa mbali waliovutiwa na ukarimu wao. Kilwa haikuwamo. Adela hakuwamo. Chini kabisa palikuwa na jina la mwandishi wa historia hiyo, na halikuwa langu. Lilikuwa jina la Kifaransa lenye vyeo viwili. Mwenye jina hilo akaingia muda si mrefu, kijana mrefu mweupe aliyevaa koti la mkia, akapanda jukwaani kama mrithi wa kasri na kusoma hotuba kwa Kiingereza. Nilimfahamu. Alikuwa Mrusi aliyefundisha nyimbo kwenye chekechea moja ya Tianhe, na wiki iliyopita tu tulikuwa tumepanga foleni pamoja kwenye mgahawa wa chuo. Aliponiona alipoteza mstari, kisha akaendelea.

Nilipiga hatua mbele nikaanza kuzungumza kwa sauti, kwa Kichina. Nikasema jumba hili nalijua, historia yake nimeiandika mimi, vichwa hivi ni vya watu waliouzwa kutoka nchi yangu, na mwanamke ambaye uso wake uko nje yupo hapa na ana jina. Muziki ukaongezwa. Sikunyamaza. Profesa Liang akanishika kiwiko, taratibu, kama mtu anayemvusha bibi barabara. "Si leo, Zuhura. Nakuomba, si leo," akasema. Watu waliokuwa karibu walikuwa wamenisikia, kila neno. Walikuwa mke na mume, wazee kidogo, wamevaa vizuri, wana vipeperushi vya nyumba mikononi. Yule mama alinitazama kwa furaha kubwa. "Unaongea Kichina kizuri sana!" akasema. Na mumewe akainua simu wakaniomba tupige picha.

Mwaliko wa viza haukutoka. Kampuni ilisema Bibi Adela alivunja makubaliano. Nilikwenda kwa Profesa Liang, nikakaa nje ya ofisi yake mpaka akatoka, na alichoniambia ni kwamba nimalize tasnifu yangu, nichague mada nyingine, na kwamba yeye pia ana watu wanaomtegemea. Sidhani alikuwa anadanganya. Papa Mbuyi alizungukia kila ghorofa la Tianxiu akitafuta kampuni ya kumwandikia mwaliko, akarudi mikono mitupu. Adela hakutaka kujificha. "Mimi si mwizi wa nchi ya mtu," alisema. Aliuza mabunda yake kwa hasara kwa jirani wa ukuta wa mbao, yule ambaye kwa mwaka mzima alikuwa anajibiwa bila kujua, na nguo za kiwandani akaziacha hukohuko. Nilimsindikiza uwanja wa ndege wa Baiyun. Alikuwa amevaa lile gauni la kijani. Nilikuwa nalia, yeye ananifuta uso na ncha ya lemba lake na kunikumbusha kula. "Ule uji nimekufundisha. Usinywe chai tupu kama paka." Akapita kwenye mlango wa kioo bila kugeuka.

Nilimaliza. Nilipata shahada kwa tasnifu juu ya mifereji ya maji ya mvua, na jumba lile sikulitaja hata kwenye wasifu wangu wa kazi. Nilirudi Tanzania, nikafungua ofisi, nikachora benki na nyumba za wageni. Adela alianza upya na meza ya mitumba Makambako, akapanda mpaka duka, na tulikuwa tunapigiana simu siku za sikukuu zake na zangu. Hatukuwahi kuizungumzia Montorvel. Nilidhani tumekubaliana hivyo, mpaka siku moja, miaka mingi baadaye, akanipigia katikati ya wiki, akiwa Mbeya.

"Zuhura," akasema, "nimejiona."

Alikuwa ameingia duka la vifaa vya ujenzi kutafuta bati. Kwenye kona, baina ya nguzo za jasi na nakshi za dari zinazokuja kwa kontena, alikuwa amepangwa yeye kwenye rafu, tabasamu lilelile, vichwa vingi vimefungwa plastiki, tayari kuwekwa juu ya madirisha ya watu. Kalibu ile haikuwahi kupumzika.

"Ukafanyaje?"

"Nikauliza bei. Kijana wa dukani akaniangalia kuanzia chini mpaka juu, akasema, 'Mama, hiyo ni ya Kizungu, imetoka Ufaransa. Hutaiweza.'"

Nilisikia magari ya Mbeya yakipita nyuma yake. Nilimuuliza alimjibu nini.

"Nikamwambia anipunguzie," akasema Adela. "Akakataa."